Imepitiwa na Dilawar Shamsi

Saa ya pembeni ilikataa kuzimika.

Nuzhat aliizima mara ya pili, akatazama kioo cha kompyuta, akachomoa kabisa waya wa bodi ya majaribio, akaurudisha, akasubiri chipu iamke. Saa ilikuwa inapiga. Mtu wa nje angeona ni upuuzi. Ndani ya chipu mna saa kibao, na wala si za kukuambia umechelewa kazini. Ni mapigo, kama ya moyo, kila kiungo na pigo lake. Kiungo kikitaka kufanya kazi kinaomba saa yake, hesabu ya waombaji inapanda. Kikimaliza kinaiachia, hesabu inashuka. Ikigonga sifuri, kiendeshi, yaani ile programu ndogo inayozitawala saa hizo, kinaizima ili betri isiliwe bure. Kuandika viendeshi vya namna hiyo ndiyo kazi iliyomlisha Nuzhat, naye alijua kwamba saa ile haikuunganishwa na kiungo chochote. Waliochora chipu waliiacha hivyo hivyo, njia isiyokwenda mahali. Ilipaswa kusoma sifuri. Ilisoma moja. Kulikuwa na mwombaji, na mahali pa jina lake palikuwa peupe.

Kilichomfanya ainue kichwa si hesabu, ni harufu. Chumba cha majaribio hakikuwa na dirisha, kiyoyozi kilikuwa kinanguruma, na nje Hyderabad ilikuwa inaungua kwa jua la Mei ambalo hata mbwa walilikimbia. Lakini palinuka mvua. Mvua ya kwanza kabisa, ile inayogonga vumbi kavu na kuinua udongo mpaka kooni.

"Nuzhi, umekikodolea macho hicho kidude tangu chai ya asubuhi," sauti ilisema nyuma yake. "Unangoja kikuchumbie?"

Alikuwa Sravanthi, na kopo lake la chakula mkononi.

"Unasikia harufu?" Nuzhat aliuliza.

"Ya achari yangu? Sijaifungua bado! Njoo tule, shosti. Leo mama ametia gongura mpaka macho yatatutoka."

Basi wakaenda kula, wali wa maziwa mgando na achari kali ya majani ya gongura, kama walivyokula pamoja tangu chuo. Na tangu chuo Sravanthi Kolluru alikuwa mbele. Si mbele sana. Mbele kwa kidole, kwa ukucha, kwa ile alama moja inayotosha mwalimu kumtaja mmoja na kumsahau mwingine. Angekuwa na majivuno, Nuzhat angemchukia akapumua. Lakini Sravanthi alikuwa mwema, mwema wa kuudhi, wa kukuletea achari na kukuuliza mama anaendeleaje. Chuki ya namna hiyo haina pa kutokea. Inakaa ndani inachacha.

Bosi wao, Venugopal, alikuwa ametangaza kwamba chipu mpya itahitaji mlezi wa saa: mtu mmoja ambaye jina lake litaandikwa juu ya kazi yote, atakayeulizwa na kila ofisi ya kampuni, atakayepelekwa kiwandani chipu ikizaliwa. Nuzhat na Sravanthi kila mmoja alikuwa ameandika kiendeshi chake. Kitakachoingia kwanza kwenye shina, yaani ile programu kuu wanayoitumia wote, ndicho kitakachomtaja mlezi.

Na kuingia kwenye shina kulikuwa na sheria ambayo hata bosi hakuivuka. Kazi inatumwa kwa barua pepe kwa kundi zima la saa, watu wa Hyderabad na wa ofisi nyingine wasiojuana sura. Anayeisoma mstari kwa mstari akaridhika anatoa jina lake, nalo linaandikwa chini ya jina la mwandishi: Imeandikwa na fulani, imepitiwa na fulani. Kazi isiyo na shahidi inakaa. Inaweza kukaa mpaka ioze, kama barua za maombi ya kazi za vijana wenye vyeti vyao, ambazo hakuna mtu hata aliyezifungua aseme ni mbaya.

Ya Sravanthi ilisubiri marekebisho madogo tu na ilikuwa tayari imezungukwa na wasomaji kama harusi. Ya Nuzhat haikuwa na hata mmoja.

"Mimi niipitie?" Sravanthi alimuuliza siku ile, akilamba kidole. "Nitakupa jina langu, hata leo."

Huo wema! Nuzhat alisukuma kopo kando.

"Nimeshapata mtu," alisema.

Hakuwa amepata mtu. Alirudi mezani, akafungua kazi yake, na chini ya jina lake akaandika: Imepitiwa na. Vidole vikasimama kidogo. Kisha vikaendelea vyenyewe, bila yeye kufikiri, kama mtu anayeandika jina la jirani yake: Dilawar Shamsi. Hakumjua mtu wa jina hilo. Lilikuja tu, likakaa vizuri. Kampuni ilikuwa na maelfu ya watu, nani angeuliza?

Hakuna aliyeuliza. Venugopal alidhani ni mtu wa ofisi ya Pune. Kesho yake mchana kiendeshi cha Nuzhat kilikuwa ndani ya shina, na Sravanthi alikuwa wa kwanza kumkumbatia.

"Mlezi wa saa!" alipiga kelele mbele ya watu. "Leo luqmi ananunua yeye!"

Nuzhat alinunua vitafunwa hivyo vya nyama, wakala, akacheka. Aliporudi mezani alikuta barua.

Ilitoka kwa Dilawar Shamsi.

Hapakuwa na salamu. Kulikuwa na kazi yake yote, imenukuliwa mstari kwa mstari kama wanavyofanya wapitiaji wa kweli, na chini ya mistari mitatu kulikuwa na maneno. Mahali hapa umeomba saa mara mbili na kuiachia mara moja. Hapa mzazi wa saa, ile kubwa inayoipa pigo lake, hukumtaja. Hapa umeandika vizuri kuliko mtu yeyote niliyemsoma. Makosa yalikuwa ya kweli. Aliyaona sasa, akaona haya. Sifa nayo aliisoma mara mbili, na uso ukapata joto. Mwisho kabisa palikuwa na mistari miwili:

"Ile saa ya pembeni unayotaka kuizima, iache. Naitumia mimi."

Harufu ya mvua ilimfunika pale pale, nzito, kana kwamba mtu aliyelowa amesimama nyuma ya kiti chake na kuinama kusoma naye.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu.

Alimfuata Prashanth, kijana wa meza ya jirani anayejua kila mtu kwenye kampuni, akamnong'oneza: "Dilawar Shamsi ni wa ofisi gani?"

"Nani?"

"Dilawar Shamsi."

Prashanth alitafuta kwenye orodha ya wafanyakazi. "Hayupo, dada. Una hakika na jina? Labda amestaafu. Labda amekufa," akaongeza akicheka. "Wale wa zamani hata wakifa wanaendelea kukosoa kazi za watu."

Angelifuta jina siku hiyo, yote yangeishia hapo. Lakini nani mwingine aliwahi kumwambia ameandika vizuri kuliko mtu yeyote? Aliyarekebisha makosa. Akamjibu Dilawar Shamsi: "Ahsante." Akaiacha saa ipige.

Barua zilikuja kwa kujipendea. Leo ipo, kesho haipo, kesho kutwa haipo, mpaka Nuzhat anajikuta anafungua kompyuta kama msichana anayechungulia dirishani. Kila kazi aliyoituma ilirudi imepitiwa, na jina lile likiwa chini ya jina lake, na kila mara palikuwa na neno moja tamu kati ya makali. Nyumbani mama yake alianza kunusanusa. "Nuzhat, nani amemwaga maji kwenye udongo humu ndani?" alimuuliza, akifungua na kufunga madirisha. "Chumba chako kinanuka kaburi jipya." Nuzhat alimwambia ni sabuni.

Kisha Prashanth akatoa maoni kwenye kazi ya Nuzhat. Maoni ya kawaida tu, kwamba jina fulani ni refu mno. Alasiri hiyo mkono wa kulia wa Prashanth ulikufa ganzi mpaka begani, akawa anaubeba kwa ule mwingine kama mtoto aliyelala, na kwenye barua ya jioni palikuwa na mstari mmoja peke yake: "Kazi yako naipitia mimi."

Mkono ulirudi siku iliyofuata. Prashanth hakutoa maoni tena. Wengine nao, bila kujua kwa nini, walianza kuiruka meza ya Nuzhat wakipita. Yeye aliogopa, ndiyo. Lakini chini ya woga palikuwa na kitu kingine ambacho asingemwambia mtu: hakuna aliyewahi kumwonea wivu. Kumbe ni kutamu.

Sravanthi hakuruka meza. Jumatano mchana alituma barua kwa kundi zima, ya adabu kabisa, kusema amegundua kosa kubwa kwenye kiendeshi cha Nuzhat: chipu ikilala usingizi mrefu, saa mbili zinagombea mzazi mmoja na mashine nzima inaganda. Kosa lenyewe Dilawar Shamsi hakuliona, au aliliona akalifumbia macho. Chini Sravanthi aliweka dawa yake, mistari michache, safi, mizuri kiasi kwamba Nuzhat alipoisoma alihisi kama amepigwa kofi na mtu anayetabasamu. Halafu watu wakaanza kujibu. Safi sana, Sravanthi. Kazi nzuri, Sravanthi. Bosi naye: "Sravanthi, tuzungumze kuhusu ulezi."

"Nuzhi, hujakasirika?" Sravanthi alimjia, uso umemwiva kwa wasiwasi. "Nilitaka nikuambie pembeni kwanza, lakini bosi aliliona kwenye kioo changu, akasema tuma tu."

"Nikasirike kwa nini? Ni kazi."

"Kweli?"

"Kweli, shosti. Nenda kazungumze na bosi wako."

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya yale majabali makubwa ya Gachibowli wakati barua ilipofika. Haikuwa na sifa. Ilikuwa badiliko, limeandikwa kwa mpangilio uleule wanaoutumia wao kila siku, ili watu wasome na waseme kitu:

"Badiliko: Sravanthi Kolluru. Hesabu itoke moja, iwe sifuri. Sababu: anamzidi mwandishi wangu. Mwenye pingamizi alete kabla ya jua la Ijumaa kuchwa. Asiyejibu amekubali."

Asiyejibu amekubali. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya ofisi. Bila hiyo kazi zingekwama milele kwa watu wavivu kusoma. Nuzhat aliitazama barua. Alijiambia ni mzaha, kuna mtu anamchezea. Alijiambia atajibu kesho. Alijua, kwa namna mtu anavyojua kwamba amesimama ukingoni bila kutazama chini, kwamba neno moja fupi lingetosha, na kwamba vidole vyake vilikuwa juu ya vibonye. Kutoka ofisi ya bosi kicheko cha Sravanthi kilipenya ukuta. Nuzhat akazima kioo, akaenda nyumbani.

Alhamisi, katikati ya chakula cha mchana, Sravanthi alisema, "Nuzhi, mbona kimya?" na kabla Nuzhat hajajibu akasema tena, kwa sauti ya mshangao, "Mbona kimya?" akiwa ameweka kiganja kifuani mwake; si Nuzhat aliyekuwa anamuuliza, ni moyo wake. Kisha akaanguka, na kopo likaanguka naye, na wali mweupe ukatapakaa sakafuni.

Walimbeba. Hospitali walimvika nyaya. Daktari alisema moyo wake ni mzima, hauna ugonjwa, ila unapiga polepole, na kila wakiupima unapiga polepole zaidi, kama kitu kinachosubiri kuambiwa kiache. Nuzhat alisimama kwenye korido karibu na mama yake Sravanthi, aliyekuwa bado na harufu ya achari mikononi, na simu yake ikatetemeka mfukoni.

"Limejaribiwa mara moja. Linafanya kazi."

Alikimbia mpaka mji wa kale, Moghalpura, kwa Bi Maqsooda, mganga ambaye Nuzhat alikuwa akipelekwa kwake na mama yake utotoni alipokuwa akiweweseka. Bi Maqsooda alikuwa mama mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na televisheni yake ilikuwa inaonyesha kriketi. Aliizima Nuzhat alipoingia, kabla hajasema salamu.

"Usikae karibu na mlango," alisema taratibu. "Anasimama nyuma yako. Amelowa."

Nuzhat alieleza yote, akinong'ona. Bi Maqsooda alisoma dua, akapuliza, akakata ndimu. Ndimu ilikuwa kavu ndani kama kokwa. Akakata nyingine. Kavu. Akaweka kisu chini.

"Binti, mimi nawatoa waliojileta wenyewe. Huyu aliitwa kwa jina."

"Jina nililibuni, Bi Maqsooda! Naapa, nilibuni tu!"

"Hukulibuni. Ulinong'onezwa. Alikaa kule kwenye majabali zamani sana, kabla hawajapasua mawe wajenge maofisi yenu, akitafuta mlango. Wewe ulikuwa umejaa husuda mpaka shingoni, akaona mlango huo." Alivua miwani akaifuta. "Umeandika jina lako, chini yake ukaandika lake, ukawaonyesha watu wakakubali. Kwao hiyo ni ndoa. Na mume wa namna hiyo hamuui mtu mpaka mkewe aridhie. Wewe umeridhia?"

Nuzhat hakujibu.

"Basi," alisema Bi Maqsooda kwa sauti ndogo. "Mpinge pale pale ulipomkaribisha, mbele ya wale wale uliowadanganya. Na umwambie kweli. Ukimdanganya hata kidogo, atakucheka."

Ijumaa jioni ofisi ilikuwa tupu. Wengi walikuwa wamekwenda hospitali. Nuzhat alikaa kwenye chumba cha majaribio, mbele ya bodi, na mlango aliuacha wazi ili aone korido, na mwisho wa korido dirisha, na kwenye dirisha jua. Simu ililia. Alikuwa Venugopal.

"Uko wapi wewe?" alinong'ona, kama watu wanavyonong'ona mbele ya kitanda. "Njoo, Nuzhat. Wanasema... mapigo yanashuka. Mama yake anakuuliza."

"Nakuja, bosi. Nina kazi moja."

"Kazi? Saa hizi? Wewe ni mtu wa namna gani?"

Alikata simu. Akaandika kwa Dilawar Shamsi peke yake: "Hapana."

Jibu lilikuja papo hapo. "Pingamizi bila sababu halihesabiwi."

Ilikuwa kweli. Ndivyo wao wenyewe walivyowajibu watu.

"Ni rafiki yangu," aliandika.

"Alipoanguka, kabla hujaogopa, ulifurahi. Niliona. Lete sababu nyingine."

"Ana mama. Mama yake hana mtoto mwingine."

"Hiyo ni sababu ya mama yake. Wewe umeiazima."

Jua lilikuwa limegusa jabali. Harufu ilijaa chumba, na sasa haikuwa harufu tu, maji yalikuwa yanamdondokea shingoni, tone moja baada ya jingine, ya baridi, naye hakuthubutu kuinua uso kutazama dari kwa sababu alijua si dari inayovuja, alijua ni nywele, nywele ndefu za mtu aliyeinama juu yake kusoma anachoandika, kwa subira, kwa mapenzi, kama alivyosoma kila neno lake wakati watu wote wa dunia walipokuwa hawana muda naye, na sauti ambayo hakuisikia kwa masikio bali kwenye meno ikamwambia kwamba yote yatakuwa yake, ulezi, jina juu ya kazi, safari ya kiwandani, mama akijivunia bintiye mbele ya majirani, na hakutakiwa kufanya kitu chochote, chochote kabisa, akae tu, anyamaze, kama alivyojua kunyamaza.

Na Nuzhat, Mungu amsamehe, alinyamaza kidogo. Aliitazama picha hiyo. Ilikuwa nzuri.

Halafu akafungua barua mpya, si kwa mmoja, kwa kundi zima la saa, kila ofisi, kila mtu, akaanza kuandika huku analia kwa sauti kama mtoto.

"Hakuna Dilawar Shamsi. Jina hilo niliandika mimi ili kazi yangu iingie. Hakuna mtu aliyeipitia. Kiendeshi cha Sravanthi ni bora kuliko changu."

Vidole vilikwama. Tone likadondoka. Ile haikuwa bado kweli yote, na aliyesimama juu yake alijua, maana alikuwa ameanza kucheka.

"Kimekuwa bora tangu mwanzo," aliandika Nuzhat, "na yeye amekuwa bora kuliko mimi tangu chuo, na nimemhusudu kila siku nilipokula chakula chake. Nilipenda afe. Napinga. Asife. Sababu: mimi nikibaki peke yangu sitakuwa bora, nitakuwa peke yangu tu. Iondoeni kazi yangu yote. Ingizeni yake."

Akaituma. Wekundu wa mwisho ukatoka kwenye dirisha.

Kisha kiti kilichokuwa kitupu upande wa pili wa meza kilijisogeza nyuma, polepole, kama mtu aliyeinuka kwa hasira lakini bado ana heshima zake. Nyayo zenye maji zilipita karibu na goti lake, zikatoka mlangoni, zikafuata korido, na kwenye bodi hesabu ya ile saa ya pembeni ikashuka ikawa sifuri.

Simu ililia. "Amefungua macho!" Venugopal alikuwa analia waziwazi. "Moyo umerudi wenyewe! Amefungua macho na amesema ana njaa!" Nyuma yake zilisikika simu za watu wengine zikilia, moja baada ya nyingine, barua inawafikia. "Nuzhat," alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Umetuma nini?"

Walimfukuza Jumatatu, kwa adabu, na hakuna kampuni ya chipu mjini ambayo haikuwa imeisoma ile barua. Nuzhat alijiunga na jeshi la wenye vyeti wanaoamka saa nne kwa sababu hawana pa kuwahi. Aliwafundisha watoto wa majirani hesabu. Alilala vizuri. Mama yake aliacha kufungua madirisha. Usiku mwingine alijiambia ameokoa mtu, na mara nyingine hata aliamini.

Mvua zilikuwa zimeshaanza, na barabara zimejaa maji, siku Sravanthi alipopiga simu. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ile alipoanguka.

"Nuzhi, usikate," alisema haraka. "Najua unaona haya. Usione. Nimepiga kukushukuru."

"Kunishukuru kwa nini?"

"Usijifanye. Tangu niwe mlezi kila mtu ananiogopa, hakuna anayesoma kazi yangu vizuri. Wewe peke yako. Na hulipwi hata senti! Nilimuuliza bosi kama wamekurudishia njia ya kuingia, anasema hapana, lakini barua si zinakuja? Nimeacha jina lako kwenye kazi, pale chini ya langu, 'imepitiwa na Nuzhat', potelea mbali, waseme watakavyo."

Nuzhat alikaa kitandani. Alikuwa hajagusa kompyuta tangu Jumatatu ile.

"Ila Prashanth umemwonea," Sravanthi aliendelea, akicheka. "Alinirekebisha kitu kidogo tu, ukaja juu, eti kazi yangu unaipitia wewe! Shosti, una wivu wewe!"

Alitakiwa kupiga kelele. Alitakiwa kusema futa, futa jina sasa hivi, kimbia kwa Bi Maqsooda, nakufuata, na maneno hayo yalikuwepo yote, yamepangana mdomoni. Lakini kulikuwa na kitu kilichoyatangulia, kikali, na aliposikia sauti yake mwenyewe ilikuwa ndogo na kavu, sauti ya mwanamke anayesimama mlangoni kwa mwanamke mwingine.

"Nakuandikia mara ngapi?"

"Swali gani hilo? Si unajua mwenyewe." Sravanthi alicheka tena, kwa furaha, kama mtu anayependwa. "Kila siku, Nuzhi. Hujaruka hata moja."

Nuzhat aliibana simu sikioni mpaka ikamuuma. Kila siku. Yeye, alipokuwa wa Dilawar, hakuwahi kuandikiwa kila siku.